Mkaa Uliposhindwa: Umeme Ndani ya Chumvi Iliyoyeyuka

Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, mafundi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe kwa tanuri la udongo, mivukuto na mkaa. Chuma kilitoka, tena chuma kizuri. Kuta za tanuri zilibaki kuta. Wala hapakuwa na namna ya kujua wakati ule kwamba udongo wa kuta hizo ulikuwa na metali yake, alumini, ambayo kwa uzito ni karibu asilimia 8 ya gamba la dunia, wakati chuma ni asilimia 5 hivi. Moto ni uleule na mkaa ni uleule. Chuma kikaiacha oksijeni yake, alumini haikutikisika. Ilipofika mwaka 1886 ndipo ilipopatikana njia ya kuitoa alumini kwa wingi, na njia hiyo haikuwa moto mkali zaidi. Ilikuwa umeme uliopitishwa ndani ya chumvi iliyoyeyuka.

Njia hiyo, elektrolisisi, hufundishwa sekondari kwa kurasa chache: betri, vijiti viwili vya kaboni, mshale huku na mshale kule, kisha mtihani. Mwanafunzi hutoka akijua kwamba metali hutokea kathodi, kijiti cha upande hasi, na gesi hutokea anodi, kijiti cha upande chanya. Asichoambiwa ni kwa nini ilichukua karibu miaka 80 kutoka jaribio la kwanza lililofaulu hadi alumini ya kiwandani, na kwa nini mpaka leo viwanda hivyo hufuata mito mikubwa, visima vya gesi au migodi ya makaa ya mawe. Nionavyo mimi, ugumu wa suala hili hauko kwenye umeme. Uko kwenye kuyeyusha: kupata kimiminika kinachopitisha umeme, kisichoingilia kazi, na kisichohitaji joto la kuangamiza chombo chenyewe.

Tuanze na mkaa, kwa kuwa umeme umekuja kushika nafasi yake. Ndani ya mawe, metali nyingi hazipo kama metali. Zipo kama ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni moja, mbili au tatu na kubaki na chaji chanya. Elektroni hizo zimechukuliwa na jirani, mara nyingi oksijeni au klorini, naye amebaki na chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ndio unaoishikilia kampaundi nzima. Kuitoa metali maana yake ni kuirudishia elektroni zake. Kaboni ya mkaa ikipata joto la kutosha huweza kufanya hivyo kwa chuma na shaba: huitwaa oksijeni, ikaondoka nayo kama gesi. Kwa alumini, mkaa ungehitaji joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na hata hapo kinachotoka si metali safi, kwani sehemu ya alumini huungana na kaboni hiyohiyo. Umeme hauna kikomo cha namna hiyo. Waya huleta elektroni moja kwa moja hadi mlangoni pa ioni, na ikiwa msukumo hautoshi, volti huongezwa.

Lakini ioni lazima ifike mlangoni. Chukua punje ya chumvi ya mezani. Imejaa ioni za sodiamu na za kloridi, chaji tele, na bado haipitishi umeme. Kila ioni imebanwa na jirani zake kama abiria katikati ya daladala la saa 12 jioni: anaweza kutikisika, hawezi kusogea. Ili mkondo upite, msongamano huo uvunjwe, na kuna njia mbili za kuuvunja. Ya kwanza ni maji, ya pili ni joto. Maji ni rahisi, yanapatikana kila mahali, na kwa metali nyingi ndiyo yanayoharibu kazi.

Humphry Davy aliligundua hilo kwa tabu jijini London mwaka 1807. Betri ya Volta ilikuwa na umri wa miaka saba tu, na Davy alitaka kujua kama ingeweza kuvunja potashi kali, dutu ambayo wengi waliichukulia kuwa haivunjiki. Aliiyeyusha kwenye maji na kupitisha umeme. Akapata hidrojeni na oksijeni tu, maana umeme ulikuwa ukivunja maji. Akajaribu potashi kavu. Umeme haukupita kabisa. Tarehe 6 Oktoba alichukua kipande kilicholowa unyevu kidogo, kiasi cha kuruhusu mkondo uanze, na mkondo wenyewe ukakipasha moto hadi kikayeyuka. Upande wa chaji hasi vikatokea vijitone vya metali inayong'aa, vingine vikilipuka na kuwaka palepale vilipokutana na hewa. Hiyo ilikuwa potasiamu, ambayo jicho la binadamu halikuwahi kuiona. Edmund Davy, binamu yake aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba Humphry aliruka na kucheza chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye aliipata sodiamu kwa njia hiyohiyo. Jaribio moja lile lilikuwa na majibu yote matatu: maji yanaingilia, ugumu wa dutu kavu unazuia, kuyeyuka kunafungua njia.

Kwa nini maji yanaingilia? Yenyewe yana hidrojeni inayoweza kupokea elektroni, na kwenye kathodi anayepokea kwa urahisi ndiye anayetangulia. Ioni za shaba hupokea kwa urahisi kuliko maji, ndiyo maana viwanda vya Likasi na Kolwezi, huko Katanga nchini Kongo, huitoa shaba kwenye maji yenye asidi bila haja ya kuyeyusha chumvi yoyote: shaba hujipaka kwenye mabamba ya kathodi hadi yawe mazito ya kubebwa kwa mashine. Sodiamu, potasiamu, kalisi, magnesi na alumini ziko upande wa pili wa mstari. Pitisha umeme kwenye maji ya chumvi, utapata klorini anodi, na kathodi utapata hidrojeni pamoja na magadi makali yanayobaki kwenye maji. Ni bidhaa zenye faida kubwa, kwa sabuni na kwa kutibu maji ya kunywa, ila sodiamu yenyewe hutaiona. Atakaye metali hizo hana budi kuyaondoa maji na kukabili joto.

Michael Faraday, aliyeingia kwa Davy kama msaidizi mwaka 1813, ndiye aliyeifanya habari hii kuwa kanuni. Mwaka 1833 aliona kwamba utando mwembamba wa barafu hukata mkondo ambao maji yaleyale yalikuwa yakiupitisha. Wengine wangeliacha hapo. Yeye alijiuliza kama ni tabia ya barafu peke yake, akajaribu kloridi ya risasi, kloridi ya fedha na chumvi nyingine nyingi: zikiwa mango hazipitishi, zikiyeyuka zinapitisha na kuvunjika kwa wakati mmoja. Kupitisha na kuvunjika ni tukio lilelile, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule vinapopotosha bila kukusudia. Michoro humfanya mwanafunzi adhani kwamba elektroni huogelea kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Ndani ya chumvi iliyoyeyuka kazi ya kubeba chaji ni ya ioni: chanya zikielekea kathodi, hasi zikielekea anodi. Elektroni huishia kwenye ncha ya kijiti, ambako ioni chanya huzipokea na kuwa metali; upande wa pili ioni hasi huziachia na kuwa gesi, na waya huzirudisha kwenye betri.

Bromidi ya risasi, kipenzi cha watunga mitihani, huyaonyesha haya waziwazi kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 370 hivi, joto ambalo kichomeo cha maabara hulifikia. Unga ukiwa mkavu, taa iliyofungwa kwenye saketi haiwaki. Unga ukianza kuyeyuka, taa inawaka, moshi wa kahawia wa bromini unapanda anodini, na chini ya kathodi hujikusanya tone zito la risasi. Bromini huchoma koo na mapafu na risasi ni sumu, kwa hiyo mwalimu asiye na kabati la kufyonza moshi ana haki kabisa ya kulifundisha kwa mchoro. Hata hivyo jaribio hilo lina udhaifu mmoja: ni rahisi mno. Chumvi moja safi, ioni za aina mbili, hakuna ushindani. Kiwandani hali haiwi hivyo hata mara moja.

Faraday aliacha pia hesabu ambayo hakuna fundi aliyewahi kuikwepa. Kiasi cha metali kinachotoka hutegemea kiasi cha umeme kilichopita na idadi ya elektroni ambazo kila ioni inadai. Pitisha ampea 10 kwa saa moja kwenye chumvi ya sodiamu iliyoyeyuka na kwa hesabu utapata gramu 8.6 za sodiamu, kwani kila ioni hudai elektroni moja. Umeme uleule kwenye bromidi ya risasi, ambako kila ioni hudai mbili, hutoa gramu 38.7, maana atomi ya risasi ni nzito sana. Kwa alumini, inayodai tatu na ambayo atomi yake ni nyepesi, utapata gramu 3.4 tu. Kilo moja ya alumini hudai karibu ampea 3,000 kwa saa nzima, iwe Norwe au Msumbiji, iwe kwa fundi hodari au mzembe. Anachoweza kupunguza mhandisi ni volti na joto linalopotea.

Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Mtu angesema basi tuchome hadi 801 tuendelee. Tatizo ni kwamba sodiamu huchemka kwenye nyuzi 883, hivyo karibu na 801 hutoa mvuke mwingi. Tena huyeyuka na kupotea ndani ya chumvi iliyoizaa, ikarudi kukutana na klorini. Unazalisha kwa mkono mmoja na kupoteza kwa mwingine. Dawa iliyopatikana ni kuchanganya chumvi. Kloridi ya kalisi ikiongezwa, mchanganyiko hubaki kimiminika hata joto likishuka hadi nyuzi 600 hivi, kwa kuwa ioni za ukubwa na chaji tofauti hushindwa kujipanga kwa urahisi katika mpangilio mmoja wa fuwele. Tangi la namna hii lilisajiliwa kwa hataza na James Cloyd Downs huko Marekani mwaka 1924, na muundo wake bado ndio msingi wa uzalishaji wa sodiamu: anodi ya grafiti katikati, kathodi ya chuma kuizunguka, wavu wa chuma kati yao. Sodiamu ni nyepesi kuliko chumvi iliyoyeyuka, ikaelea na kukusanywa juu. Klorini hutolewa kwa mlango wake. Wavu ndio unaookoa kila kitu. Bila huo, vitu viwili vilivyotenganishwa kwa gharama yote ile vingeungana tena humohumo tangini.

Hila hii ya kuchanganya chumvi haikuanzia kiwandani. Kaskazini mwa Tanzania, Ol Doinyo Lengai ndio mlima pekee hai duniani unaotoa zaha ya kabonati za sodiamu, kalisi na potasiamu. Zaha ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 au zaidi. Ya Lengai ilipopimwa mwaka 1988 ilikuwa kati ya nyuzi 491 na 544, ilhali kabonati ya sodiamu pekee huhitaji 851. Ni chumvi iliyoyeyuka inayotiririka mlimani, nyepesi kama maji ya matope, iliyojaa ioni zinazotembea. Kabonati za aina hiyo zikipimwa maabara hupitisha umeme vizuri mno kuliko mwamba wa kawaida ulioyeyuka. Moja ya madini yanayoganda humo, kabonati ya sodiamu na kalisi, huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Ningependa kila darasa la kemia la Afrika Mashariki lianzie hapo.

Sasa alumini, ambako suala lote hukutana. Oksidi ya alumini, alumina, huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Hakuna tangi la kawaida linalostahimili hayo kwa miaka. Kloridi yake nayo haifai kirahisi, kwani ikipashwa moto hugeuka mvuke badala ya kuwa kimiminika chenye ioni huru. Kwa hiyo alumini ilibaki kuwa metali ya fahari. Mwaka 1884 Wamarekani walikivisha kilele cha mnara wa Washington kipande cha alumini kisichofika hata kilo tatu. Miaka miwili baadaye vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1863, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walipata jibu lilelile: usiiyeyushe alumina kwa moto, iyeyushe ndani ya chumvi nyingine. Chumvi hiyo ni kriolaiti, floridi ya sodiamu na alumini, iliyokuwa ikichimbwa Ivittuut, Greenland, na ambayo leo hutengenezwa viwandani. Kriolaiti ikishayeyuka huipokea alumina kama maji yapokeavyo sukari, na kazi hufanyika kwenye nyuzi 960 hivi. Imekuwa maji yasiyo na hidrojeni ya kuingilia.

Kitabu cha shule husema kwamba ioni ya alumini yenye chaji tatu chanya hutembea hadi kathodi. Hali halisi inapendeza zaidi. Ndani ya kriolaiti alumini imezingirwa na floridi kiasi kwamba kundi zima lina chaji hasi, na wanaobeba sehemu kubwa kabisa ya mkondo ni ioni za sodiamu. Zinafika kathodini kwa wingi, ila kupokea elektroni ni kugumu kwao kuliko kwa alumini iliyopo pale, na alumini ndiyo inayogeuka metali. Kumbe anayebeba mkondo na anayepokea elektroni si lazima wawe mmoja. Alumini iliyoyeyuka ni nzito kidogo kuliko kriolaiti, ikatulia chini na kuwa yenyewe ndiyo kathodi, ikikingwa dhidi ya hewa na chumvi iliyo juu yake. Anodini oksijeni huungana na kaboni na kutoka kama hewa ya ukaa, hivyo anodi huliwa: kilo 400 hivi za kaboni kwa kila tani ya alumini. Mkaa haukuondoka kabisa. Umebaki kama msaidizi anayepunguza volti zinazohitajika.

Tangi moja hutumia volti 4 na kitu, lakini mkondo wake ni mamia ya maelfu ya ampea, na mamia ya matangi hufungwa kwa mfululizo. Matokeo yake ni uniti (kilowati-saa) 13 hadi 15 za umeme kwa kilo moja ya alumini. Kwa mnunuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, aliye katika kundi la uniti 75 kwa mwezi, tani moja ya alumini ni umeme wa nyumba yake kwa miaka 15 hivi. Karibu nusu ya umeme huo hugeuka joto, na si hasara tupu, kwa sababu joto hilo ndilo linaloiweka chumvi katika hali ya kimiminika. Hakuna moto unaowashwa chini ya tangi. Pembeni, chumvi huachwa igande kwa makusudi na kuwa ukuta unaozuia kriolaiti isitafune tangi. Ila umeme ukikatika kwa saa chache, kuganda huko husonga hadi katikati, na kulifufua tangi lililoganda ni kazi ya gharama kubwa mno. Kiwanda cha alumini na mgao wa umeme haviendani.

Ramani ya Afrika inasomeka kwa kanuni hiyo. Kamerun ilipata kiwanda chake Edéa mwaka 1957, kwenye maporomoko ya Mto Sanaga. Ghana iliunganisha bwawa la Akosombo na kiwanda cha Tema miaka ya 1960. Mozal, karibu na Maputo, ilianza mwaka 2000 na ikakua hadi uwezo wa zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka, ambazo zilidai megawati 800 au zaidi usiku na mchana. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, likiwasha mitambo yake yote, ni megawati 2,115. Nje ya Afrika, nchi za Kiarabu za Ghuba hazina mito mikubwa, lakini zina gesi: Bahrain ilianza mwaka 1971, na Sohar nchini Oman mwaka 2008. Guinea, yenye akiba kubwa kuliko zote duniani ya boksiti, udongo unaotoa alumina, imekuwa ikiuza udongo huo kwa meli miaka na miaka. Kongo, ambako maporomoko ya Inga yangeweza kutoa umeme mwingi kuliko mengine yoyote, iliona mpango wa kiwanda kikubwa cha alumini ukiachwa mwaka 2012. Kuwa na boksiti hakutoshi; metali huzaliwa penye umeme mwingi, wa bei nafuu, usiokatika.

Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na wa Gerezani, Dar es Salaam, wanafanya kazi kwa upande wa pili wa mlango huo. Alumini ikishapata elektroni zake haihitaji kurudishiwa tena. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa na mivukuto vinatosha kugeuza chakavu kuwa sufuria. Nishati inayotumika kuirejesha alumini ya zamani ni kama asilimia 5 ya ile ya kuitoa udongoni. Kila kipande cha alumini chakavu ni umeme uliokwisha kulipiwa na nchi nyingine, na kukiacha jalalani ni kuutupa.

Utafiti wa sasa umeelekezwa kwenye anodi. Anodi isiyoliwa ingetoa oksijeni badala ya hewa ya ukaa. Kampuni ya Elysis ilianzishwa Kanada mwaka 2018 kwa lengo hilo, ingawa anodi hiyo hudai volti nyingi zaidi kwa kuwa msaada wa kaboni umeondolewa. Kutoka kwa Donald Sadoway na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, limekuja wazo kubwa zaidi, ambalo kampuni ya Boston Metal inalifanyia kazi: kuyeyusha oksidi ya chuma kwenye nyuzi 1,600 hivi na kukitoa chuma chenyewe kwa umeme, bila mkaa.

Na kuna neodimiamu, metali ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Inapatikana Ngualla, mkoani Songwe, kwenye mwamba wa kabonati wa ukoo mmoja na Lengai, na Gakara nchini Burundi, ambako uchimbaji ulianza tena mwaka 2017. Madini yakishachimbwa, kusafishwa na kugeuzwa oksidi, hatua ya mwisho ni ya Hall na Héroult karibu neno kwa neno: oksidi huyeyushwa ndani ya floridi kwenye nyuzi 1,050 hivi, anodi ya grafiti inaliwa, metali inazama chini. Sehemu kubwa kabisa ya matangi hayo iko China.